Bastola Tatu za Hewa na Picha ya Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa bastola tatu ndani ya kasha la mbao, na kabla sijashika hata moja, ufunguo wa kasha ukaning'inizwa shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu. Aliyeuning'iniza alikuwa Kapteni. Huyu hakuwa kapteni wa jeshi. Alikuwa Mzungu mzee mwenye shamba upande wa Plateau, nje ya Eldoret, na kapteni ni cheo cha klabu, yaani mkubwa wa wale wanaolenga shabaha. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha shamba: "Sasa hii mali yako. Kama moja napotea, wewe pia napotea." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mke na watoto nyumbani, na maneno ya kupotea hayakuwa ya kuchekea miaka ile.

Nyinyi vijana mnaotaka kujua hii kazi ilikuwa namna gani, kwanza mjue sikuisomea. Mimi niliachia darasa la tatu. Kazi yangu ya mbeleni ilikuwa kutengeneza pampu za kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, zile za kubeba mgongoni. Ndani ya pampu kuna washa ya ngozi, kiduara kama kikombe kidogo, ndiyo inasukuma hewa. Ikikauka, pampu inakohoa tu. Mimi nilikuwa nakata washa kutoka kwa ulimi wa buti kuukuu, nalowesha kwa mafuta usiku kucha, na inakaa msimu mzima. Buti za polisi zilikuwa na ulimi mzuri kuliko zote, lakini hayo ni mengine. Kapteni alileta pampu yake, akasimama akiniangalia nikikata, akasema, "Wewe najua hewa." Nikamwambia hewa ni ya Mungu, kila mtu anaijua. Akasema hapana, watu wanaivuta tu. Wiki iliyofuata nikawa mtunza bastola.

Klabu ilikuwa ya Wazungu zamani, lakini wakati wangu ilikuwa imechanganyika: wakulima wa kutoka Sugoi, wenye maduka, karani wa benki mmoja, mwalimu mmoja. Mahali pa kulengea palikuwa stoo ya zamani ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, nyumba ndefu ya mbao na mabati. Harufu ya pareto ilikuwa imeingia kwenye mbao, na nzi wakiingia walikuwa wanaanguka wenyewe. Mke wangu alikuwa anasema nikirudi nyumbani hata mbu wanahama. Watu wanasimama upande wa mlango, shabaha ziko ukuta wa mbele, ule unaouona ukiingia. Mkumbuke huo ukuta.

Sasa bastola zenyewe. Hizi hazikuwa za baruti. Zilikuwa za hewa, za mashindano, zinarusha pelet, vile vidonge vidogo vya madini laini vyenye kiuno kama cha nyigu. Lakini ukiitoa mfukoni sokoni, nani atakuuliza ni ya hewa au ya moto?

Ya kwanza ilikuwa ya springi. Ndani kuna springi nene na pistoni. Ukivuta mkono wa pembeni, springi inajikunja, ukivuta triga inaruka mbele na kubana hewa, na hewa inasukuma pelet. Ilikuwa nzito kama nyundo ya fundi mawe. Mkono usioizoea ulikuwa unashtuka, kwa sababu ule mwili wa juu unateleza nyuma kidogo kupunguza mateke. Lakini ilikuwa haina visingizio. Asubuhi ya baridi, mchana wa jua, ni ile ile. Shida yake hapa kwetu juu ni hewa nyembamba. Kapteni alinieleza: pistoni ikikosa hewa ya kutosha mbele yake, inagonga chuma kwa nguvu, kama mtu anayeruka kwa godoro lisilo na pamba. Kwa hivyo springi zilikuwa zinakatika mapema kuliko kitabu kilivyosema.

Ya pili ilikuwa ya kupampu mara moja. Unafungua mkono wa juu, unaufunga, hewa inabanwa na kukaa ikingoja. Haishtuki hata kidogo, ni laini kama kufungua mlango wa kanisa. Waliojua kulenga waliipenda hiyo. Lakini hewa yake ilishikwa na ringi ya mpira, na mpira ni kitu cha wasiwasi. Ukichanika kidogo tu, hewa inatoka polepole kama unaongea, na ukija kuvuta triga, pelet inaanguka katikati ya njia. Ringi zilitoka Ulaya. Kungoja ringi ilikuwa kama kungoja jamaa aliyeenda kutafuta kazi Mombasa.

Ya tatu ilikuwa ya gesi, ile ile inayotiwa kwenye soda. Nilikuwa naenda kuijaza kwa jamaa mmoja mwenye mtungi mkubwa. Hiyo sikuiamini tangu siku ya kwanza. Asubuhi ya Eldoret, baridi ikikuuma masikio, gesi inalala na pelet zinapiga chini. Mchana mabati yakipata moto, gesi inaamka na pelet zinapanda juu. Yule mwalimu alikuwa anasema, "Fundi, hii bastola yako ina hasira za mchana." Nilikuwa namjibu si yangu, ni ya klabu, na ninashika ufunguo shingoni nikihakikisha uko.

Kazi ilienda hivyo, nikapaka mafuta, nikabadilisha washa, nikahesabu bastola jioni na kuzihesabu tena kama vile zingezaa. Halafu kukaja ule mwaka wa fujo za Nairobi, za wale wanajeshi wa ndege waliotaka kupindua serikali. Baada ya hapo kila kitu chenye triga kilikuwa kinatazamwa. Watu waliongea chini. Jirani yangu pale mtaa wa Pioneer, tuliyekuwa tunakopeshana chumvi, aliacha kuniuliza habari za kazi, na mimi nikaacha kumwambia. Mke wangu aliniambia, "Baba Akinyi, kwani huwezi kurudia pampu za ng'ombe?" Nikamwambia nikirudisha ufunguo sasa hivi watauliza kwa nini nimeogopa. Ukweli ni kwamba hata yeye aliona hivyo.

Ndipo Bwana Sekretari alipofanya alichofanya.

Sekretari alikuwa mwenye duka, mtu aliyehamia kwetu kutoka upande wa Nyeri, mzuri sana, mwenye sauti ya upole. Yeye ndiye alishughulika na leseni ya klabu. Nyinyi wadogo hamjui, lakini wakati huo kila duka, kila ofisi, kila hoteli ya chai ilikuwa lazima iwe na picha ya Mtukufu Rais ukutani. Klabu tulikuwa nayo, kwenye sebule ya kulia. Lakini Sekretari alisikia sokoni kwamba mtu fulani aliulizwa kwa nini stoo yake ya nyuma haina. Hakulala. Siku iliyofuata alinunua picha mpya yenye kioo na fremu ya rangi ya dhahabu, akamleta seremala, akaipigilia kwenye nyumba ya shabaha wakati mimi nimeenda kujaza gesi.

Nikarudi na bastola ya gesi ndani ya kikapu. Nikafungua mlango. Nikamwona Mtukufu Rais ananitazama kutoka ukuta wa mbele, juu ya shabaha, karibu mkono mmoja tu kutoka kwa kadi ya katikati.

Sekretari alikuwa pale akipangusa kioo kwa leso. "Imekaa vizuri, eeh? Nimetaka ile ya kioo."

"Ni nzuri sana, Bwana Sekretari."

"Ukiingia tu, unaiona. Kama dukani kwangu."

"Ni kweli. Lakini iko juu ya shabaha."

Akaitazama. Akatazama kadi chini yake. Akageuka akatazama mahali ambapo watu husimama wakinyosha mkono. Leso ikamtoka. "Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, na akakaa kwenye benchi.

Msicheke. Aliiweka mahali pa heshima, kama mtu yeyote angeiweka. Duka lote linaelekea mlango, kanisa pia lina ukuta wa mbele. Nani aliwahi kufikiria kwamba kuna nyumba ambayo ukuta wa heshima ndio ukuta wa kupigwa?

Nikamwambia, "Basi tuishushe tuweke ule upande mwingine, haraka."

"Nani ashushe?"

"Si wewe ndiye umeipandisha?"

"Fundi, sikia. Kupandisha, wanakuona wanafurahi. Kushusha, wanauliza nani alikutuma. Seremala ameenda akijisifu mji mzima ati amempigilia Rais klabu. Kesho mtu anakuja, anakuta misumari mitupu. Utasema nini?"

Kulikuwa na watu waliochukuliwa kwa maneno tu. Sheria ilikuwa wazi kuhusu mtu anayewaza mabaya juu ya Rais, na sisi tungekuwa tumeyawaza kwa bastola tatu, na ufunguo wa hizo bastola ulikuwa kwa shingo ya nani? Kwangu. Tukasimama pale tukipimana. Kushusha tunaogopa, kuacha tunaogopa. Nikasema tungoje Kapteni aje atuambie.

Kapteni alikuja. Lakini alikuja pamoja na OCS, mkubwa wa kituo cha polisi, kwa Land Rover ya serikali.

OCS alikuwa mtu mrefu mwenye fimbo kwapani, wa kuongea kidogo. Alikuja kuona kabla ya kutia sahihi ya leseni. Nyuma yake dereva, konstebo mmoja, akasimama mlangoni. Kapteni aliingia akiwa anaongea juu ya mvua, akainua macho, akaona picha, na maneno ya mvua yakakatika hapo hapo. Akatoa kiko chake, akaanza kutafuta kiberiti kwenye kila mfuko. Yeye ni Mzungu. Kwake ingekuwa kufukuzwa nchini kwa ndege ya usiku huo na shamba kubaki. Kwangu, sijui ingekuwa wapi, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

OCS aliisalimu ile picha kwa macho, kama walivyozoea, akainamisha kichwa kidogo. Bado hakuwa ameona. Alikuwa anaangalia picha kama picha.

"Nasikia hapa kuna bastola," akasema.

"Ni za hewa, afande," Sekretari akajibu, sauti imekuwa nyembamba. "Ni za mchezo tu. Kama toy."

"Toy nitajua mwenyewe. Nipatie moja nijaribu. Ufunguo uko na nani?"

Wote wakanitazama. Hata dereva.

Nilifungua kasha, na hapo ndipo ile miaka yote ya kujua hewa ilibidi ifanye kazi kwa dakika moja. Nimpe gani? Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Ya gesi nimetoka kuijaza, ina hasira zake za mchana, itapiga juu. Na juu kuna nini? Hapana. Ya springi ni ya kuaminika, lakini kwa mtu anayeijua. Huyu ameshika bunduki kubwa maisha yake yote, mkono wake utangoja teke la nyuma, ile bastola iteleze, yeye ashtuke, na mdomo wa bareli upande. Nikabaki na ya kupampu. Na ya kupampu ilikuwa na ringi iliyochanika. Kapteni mwenyewe aliipiga juzi, pelet zote zikaanguka sakafuni. Nilikuwa nangoja ringi kutoka Ulaya.

Nikajiambia, mpe hiyo. Kitu kibovu kitatuokoa. Pelet itaanguka kama mbegu ya ndimu, atacheka, atasema kweli hii ni toy, ataondoka.

Nikaipampu mbele yake. Nikaweka pelet. Halafu nikaanza kuvuta muda ili hewa itoroke. Nikamwonyesha nundu ya kulengea, nikamweleza triga ni nyepesi, nikaanza habari ya ringi na mpira na jinsi mpira unavyozeeka. Sekretari akaona ninachofanya, akaongeza ya kwake juu ya historia ya klabu. Hata Kapteni akasema kitu kuhusu Ujerumani, ilikotengenezwa.

OCS akanyosha mkono. "Fundi, mimi sikuja darasani."

Nikampa. Akasimama vizuri, miguu imepanuka, akainua mkono. Nikaona bareli inapanda, inapita kadi, inarudi, inasita. Hajazoea triga nyepesi. Niliomba kwa lugha ya mama yangu, niliomba ile bastola ikatae, ikohoe tu. Sijawahi kuomba chombo changu kiharibike ila siku hiyo.

Taa!

Haikukataa. Ilipiga safi, kali, kama siku iliyotoka kiwandani. Vumbi la pareto likashuka kutoka kwenye mbao, kioo cha picha kikatetemeka, mwanga ukacheza juu yake, kikatulia. Pelet ilikuwa imeingia kwenye ubao chini ya fremu, upana wa kidole tu kutoka kwa dhahabu.

OCS alibaki na mkono mbele. Nikaona macho yake yanatoka kwa tundu, yanapanda kwa fremu, yanapanda kwa uso, yanashuka polepole mpaka kwa bastola iliyo mkononi mwake mwenyewe. Sasa alikuwa ameona. Na jambo ambalo sikulitarajia ni lile alilofanya baadaye: hakututazama sisi. Alimtazama dereva wake.

"Konstebo. Umeona nini?"

"Hapana, afande. Nilikuwa naangalia gari."

"Gari liko sawa?"

"Liko sawa kabisa, afande."

OCS akanirudishia bastola, kitako mbele, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nikajua kwamba huyu mkubwa anaogopa kama mimi, na badala ya kunipa nafuu, hilo likaniogopesha zaidi. Mtu anayeogopa ana haraka ya kutafuta mwingine wa kumtwika.

Alitembea mpaka mlangoni, akarudi. Akasema, "Hizi shabaha ziko ukuta mbaya."

"Ndiyo, afande," tukasema wote kama wanafunzi.

"Picha haiguswi. Imewekwa mahali pake. Hizi shabaha ndizo zihame. Mlenge huku, mkimpa mgongo. Hapana, si kumpa mgongo." Akafikiri. "Yeye awe nyuma yenu, anawatazama. Anawasimamia."

"Anatusimamia," Sekretari akasema, karibu alie.

"Lakini afande," Kapteni akauliza, "huko ni mlango. Kama mtu naingia, napigwa."

"Basi tafuteni mlango mwingine."

Leseni ilitiwa sahihi juu ya boneti ya Land Rover. Jioni hiyo hiyo tukahamisha shabaha, tukapigilia mbao kwenye mlango, na kesho yake tukatoboa mlango mpya pembeni, upande wa jikoni, mahali kuku wanachinjwa. Tangu siku hiyo wanachama wa heshima waliingia wakikanyaga manyoya, na jua la jioni likipenya kati ya mbao likawaingia machoni wakilenga, na matokeo yao yakaharibika. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Lile tundu nililiziba na nta ya nyuki nikachanganya na masizi, na nilikuwa naliangalia kila wiki kama kidonda.

Ile bastola niliifungua nikiwa peke yangu. Ringi ilikuwa imechanika vile vile. Mpaka leo sijui ilishikaje hewa. Nilimwuliza Kapteni, akasema, "Labda joto. Mpira navimba, nafunga." Labda. Nilipoijaribu mwenyewe siku ya pili, pelet ilianguka karibu na kiatu changu.

OCS hakuwahi kurudi ndani. Wakati mwingine Land Rover ilipita barabarani polepole, mimi nikisimama getini, tukatazamana. Aliinua kidole kimoja dirishani. Sikujua ni salamu au ni onyo, na sikulala vizuri mpaka niliposikia amehamishwa. Na aliyemfuata alipoletwa, nikaanza upya.

Kapteni alikufa. Sekretari akafunga duka akarudi kwao. Siasa zikabadilika, watu wakaanza kuongea hata kwenye foleni ya unga. Klabu ikapata bastola mpya zenye mtungi wa hewa iliyobanwa tayari, unajaza kama gurudumu la gari, haziulizi baridi wala jua. Magoti yangu yalipokataa, nikatoa ufunguo shingoni nikawapa. Shingo ilikaa siku nyingi ikijihisi haina kitu.

Vijana wananiuliza, Mzee, kati ya zile za zamani, tungenunua gani? Nawaambia ya springi, kama una mkono, na uweke springi ya akiba. Ya gesi muachie mwenye kuishi pwani. Ya kupampu ni nzuri kuliko zote siku ringi yake ni mpya. Lakini wananiuliza kuhusu kuaminika, na hapo nawaambia waulize mwingine, kwa sababu mimi nilishawahi kuegemea ubovu wa kitu kwa moyo wangu wote, na ubovu wenyewe ukanihama.

Siku ya kuniaga walipika mbuzi. Kijana mmoja alikuwa na kamera, akanipa ile ya springi nishike, akasema, "Mzee, nyosha mkono, lenga kama zamani." Nikanyosha. Halafu nikaushusha, nikamwambia asogee kidogo, nione ukuta ulio nyuma yake.

"Mzee, huku hakuna mtu."

Nikamwambia najua. Asogee tu.